Mwalimu Aliyeogopa Umeme Unaporudi

Sijapata kumwona mtu mzima mwoga kama Mwalimu wetu wa maabara, na sisemi hivi kumkejeli. Kumkejeli tulishamkejeli vya kutosha enzi za uanafunzi, katikati ya miaka ya themanini, tulipokuwa tukimwita Bwana Fyuzi kila alipotugeuzia mgongo kuandika ubaoni. Leo mimi mwenyewe ni mwalimu, nina wanafunzi wanaonicheka nikigeuka, na sina shaka jina wameshanipa. Nawaacha. Wakati wao wa kuogopa utafika.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na suruali zake zote zilichakaa mfuko wa kushoto. Mkono mmoja tu ndio unaogusa umeme, alitufundisha siku ya kwanza. Wa pili utie mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Basi mkono wa kushoto ukazoea kukaa mfukoni hata pasipo na umeme. Harusini alisimama hivyo, sokoni alichagua samaki hivyo. Wasiomjua walidhani ana kiburi.

Katika Mji Mkongwe umeme ukiondoka hakuna anayeuliza kitu. Ukirudi, watoto hupiga kelele madirishani kutoka Malindi hadi Vuga. Nyumba yake ya Kiponda ilibaki gizani. Alisimama mbele ya swichi kubwa, midomo inacheza, akihesabu sitini kwanza. Niliwahi kuwapo kwao siku moja umeme uliporudi, na mkewe, ambaye alikuwa na ulimi wa pilipili, akasema kutoka jikoni, "Mtaa mzima una taa, sie tumo kaburini tunangoja kuulizwa maswali."

"Kwa mwoga huenda kicheko," alimjibu bila kugeuka. "Umeme unaoondoka hauna neno. Wa kumwogopa ni huyu anayerudi, hujui karudi na nani."

Alikuwa na maana yake. Umeme wetu ulirudi kwa vishindo, mara juu mno, mara chini mno, mara unarudi na kuondoka tena kabla hujafumba jicho. Friji ngapi za mjini zilikufa umeme unaporudi, si unapoondoka. Aliyajua haya kwa sababu maiti zote za friji na redio zililetwa kwake.

Na mtu huyo huyo alikuwa na Vespa, akiiendesha kwenye vichochoro vya Mkunazini kama anayekimbizwa, watu wanajibana ukutani. Na kipindi kile ambacho wakubwa wetu walizoea kusema kwa sauti ya chini, alikuja bwana mmoja mwenye cheo skulini kwetu, akamwomba awaambie wageni watakaofika kesho kwamba maabara inafanya kazi vizuri. Mwalimu akasema, "Haifanyi kazi. Waambie hivyo hivyo." Sisi wanafunzi tulitamani ardhi itumeze. Baadaye nilimuuliza kama hakuogopa.

"Yule namjua ndani yake mna nini," alisema. "Nimwogope kwa lipi? Kitu usichokiogopa ama unakijua, ama hujakijua hata kidogo. Chunga usiwe yule wa pili."

Msemo wake mwingine ulikuwa kwamba kilichozimwa hakijafa. Tuliukariri kwa kucheka mpaka siku ilipoletwa televisheni iliyokaa siku tatu bila kuwashwa. Mwenzetu mmoja akaingiza mkono nyuma yake kwa kujiamini, ikamrusha akaenda kupiga ukuta. Kapasita, kile kipande kinachoweka umeme akiba, kilikuwa bado kimeshiba. Mwalimu alimpa maji, akakaa naye hadi alipoacha kutetemeka, na hakumgombeza. Alisema tu, "Sasa unajua." Tangu siku ile kicheko kilipungua.

Nilipomaliza masomo nilibaki pale skuli kama msaidizi wake wa maabara. Miaka ya tisini ikatuletea kompyuta mbili, na kompyuta zikatuletea programu za kuigiza saketi. Nieleze programu hizo zinafanya nini, maana ndizo zilizonifikisha pabaya. Ukitaka kutengeneza saketi, yaani njia ya umeme pamoja na vipande vyake, unaweza kuilehemu moja kwa moja mezani na kuunguza vipande ambavyo hapa mjini havipatikani. Au unaiandika kwenye kompyuta, nayo inajifanya ndiyo saketi: inakwambia hapa patakuwa na volti kadhaa, pale patapita umeme kiasi hiki, kipande hiki kitapata moto. Hujaunguza kitu ila muda wako.

Ya kwanza tuliiita ya maandishi. Kila kipande ulikiandika mstari wake, na ukikosea herufi moja umekwisha. Ilipopata saketi ngumu ilijaribu, ikajaribu, kisha ikasimama na kuandika kwamba imeshindwa kupata jibu. Vijana walichukia ujumbe ule. Mwalimu aliupenda. "Huyu muungwana," alisema. "Hajui, anasema hajui."

Ya pili ilikuja miaka michache baadaye, tukaiita ya picha. Unachora waya kwa kipanya, unabonyeza, taa ya kuchorwa inawaka njano. Hiyo haikushindwa kamwe. Mwalimu akakaa nayo wiki nzima, akizilinganisha zote mbili kwa saketi ile ile, karatasi za majibu kazitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, anazisoma kwa rula. Mwisho akagundua kwamba ile ya picha ikikwama hulegeza masharti kimyakimya, kidogo kidogo, mpaka jibu lipatikane, kisha hukuletea kwa rangi nzuri. "Huyu anataka tumpende," alisema, na kuanzia hapo akaiogopa kuliko umeme wenyewe.

Akaweka daftari lenye safu tatu. Safu ya kwanza jibu la maandishi, ya pili jibu la picha, ya tatu jibu la meza, yaani saketi yenyewe iliyolehemiwa na kupimwa kwa mkono. Saketi haikutoka maabara safu ya tatu ikiwa tupu. Nilimuuliza, kwa ujuvi wa umri ule, kwa nini tupoteze muda mezani kama programu mbili zimekubaliana.

"Zikikubaliana ndipo uogope," alisema. "Huenda zimesoma chuo kimoja."

Na kweli zilisoma chuo kimoja. Zote mbili ziliamini kwamba duniani kuna nyuzi joto ishirini na saba, mchana na usiku, hata ndani ya sanduku lililofungwa. Zote mbili ziliamini kwamba umeme upo tangu jana na utakuwapo kesho. Na swichi iliyochorwa humo haikuchoka kamwe. Uliifunga na kuifungua mara milioni, ikabaki mpya. Mwalimu alikuwa akiitazama swichi ile kwenye kioo na kutikisa kichwa. Mimi nilikuwa nikitazama saa.

Sasa nifike kwenye kitanda. Palikuwa na kliniki ndogo ya uzazi upande wa Malindi, na mkunga mkuu wa hapo, mama mnene mwenye subira tuliyemwita Bi Mkunga, alikuwa na kitanda cha joto kimoja tu kwa watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao. Ni sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo, chini yake hita, ndani kipimajoto. Sehemu inayoiamrisha hita iwake na kuzima ilikufa, na kipuri hakikupatikana. Akamjia Mwalimu. Mwalimu akanipa mimi kazi ile.

Nilijivuna kwa hilo. Nilibuni saketi, nikaiandika kwenye programu zote mbili, nikapata majibu yanayofanana hadi nukta ya tatu. Hita iliwashwa na rilei, swichi ndogo inayojifunga na kujifungua yenyewe kwa amri ya saketi. Joto likipanda inafungua, hita inazima; likishuka inafunga, hita inawaka. Jambo la kuogopa lilikuwa moja: rilei ikinasa imefungwa, hita haizimi tena, na mtoto yumo ndani. Rilei hunasa pale umeme unaporudi kwa kishindo. Kwa hiyo Mwalimu akaagiza jaribio la mezani: chomoa plagi, chomeka, ngoja dakika moja, chomoa tena. Mara mia.

Ilikuwa Ramadhani, Alkhamisi, na joto la alasiri. Koo limekauka, nyumbani nangojwa nikasaidie futari. Nilichomoa na kuchomeka mara nne. Mara zote nne rilei ililia tak, vizuri kabisa. Nikazitazama zile karatasi mbili kwenye kamba, zinavyokubaliana, nikajiambia hakuna cha kuongeza hapa. Nikachukua daftari, nikaandika kwenye safu ya tatu: mara mia, salama.

Mwalimu akalisoma daftari. Akanitazama, akatazama daftari tena, akatia saini. Jioni ile ile kitanda kikapelekwa kliniki.

Siku ya pili, Ijumaa, dada yangu Rahma alishikwa na uchungu, mimba ya miezi saba. Mtoto alizaliwa wa kike, mdogo hata nikaogopa kumtazama. Bi Mkunga akamfunga pamba, akamlaza ndani ya kitanda, akafunika kioo, akanigeukia na uso wa furaha. "Mungu ana hikma zake," aliniambia. "Kitanda umekitengeneza wewe, na wa kwanza kulala ni damu yako."

Nikakaa ghafla kwenye benchi. Wao walidhani ni saumu.

Ningeweza kusema pale pale. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini sikusema. Kitanda kilikuwa kimoja, na bila joto mtoto asingefika magharibi. Nikisema, nitamtisha kila mtu na mtoto atabaki humo humo. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini ukweli ni kwamba niliona aibu, na aibu ilinifunga mdomo kuliko sababu zote. Kukijaribu upya nisingeweza, mtoto yumo ndani. Nilichoweza ni kukaa karibu na plagi na kukitazama kipimajoto.

Nilikaa siku kumi na tisa. Umeme ulikatika kila siku, siku nyingine mara tano. Taa ya dari inazima, feni inapunguza mwendo, kimya kinaingia, halafu nasubiri. Kuzima hakukunitisha. Nilikuwa nikisubiri kurudi. Umeme ukirudi rilei inalia tak, na mimi mkono upo kwenye plagi, jasho linanitoka, macho kwenye kipimajoto: thelathini na sita na nusu, thelathini na saba, joto bado linapanda, bado, halafu tak nyingine, rilei imefungua. Ndipo napumua. Mara nyingine ilichelewa kidogo, nami nikamwona yule mtoto mbele yangu, ngozi yake nyembamba kama ya kitunguu, na nikasoma kila dua niliyowahi kufundishwa.

Rahma aliniambia siku moja, akiwa ameegemea mto, "Unampenda mwanangu kuliko mie mwenyewe." Nikacheka. Sikuwa nampenda bado. Nilikuwa namwogopa.

Kitu kimoja sikukitilia maanani wakati ule. Kila siku nilipofika kliniki nilimkuta Mwalimu kwenye benchi, mkono mfukoni. Alisema amekuja kuwajulia hali. Tuliketi pamoja saa nzima, na umeme uliporudi midomo yake ilicheza. Nilidhani anasoma Kurani. Usiku nilipokwenda nyumbani kulala, asubuhi yake Bi Mkunga alinieleza kwamba Mwalimu kabaki, ati hana usingizi. Nikamhesabu kuwa ni mtu mwema mwenye shughuli chache.

Siku ya ishirini mtoto alitoka, mzima, ananyonya kwa pupa. Wakamwita Nasra. Mimi nikaenda bara kusoma, nikakaa miaka, nikarudi kufundisha. Mwalimu alistaafu, mkewe akafariki, naye akahamia kwa binti yake Fumba. Nilikuwa namtumia salamu na kuahidi kwenda. Nilikuwa nakwepa, na nilijua nakwepa nini.

Kilichonipeleka hatimaye ni somo. Nilitaka kuwafundisha wanafunzi wangu kulinganisha programu za kuigiza: zile za saketi kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine hizi mpya zinazoiga kompyuta za kwanta. Nikaona hakuna mtu ambaye ningependa alisikie somo lile kabla yao isipokuwa yeye. Nikachukua kompyuta yangu ya mkononi, nikaenda Fumba alasiri moja.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umenenepa. Ingia."

Alikuwa amekonda zaidi, jicho moja lina mtoto wa jicho, lakini suruali ilikuwa imechakaa pale pale. Nikamfungulia programu. Nikamweleza kwamba biti ya kompyuta ya kawaida ni sifuri au moja, lakini ya kwanta hubeba zote mbili kwa viwango, mpaka uipime; ukiipima inakupa jibu moja tu, na vile viwango vimepotea. Hakuchelewa kuelewa. Akaniuliza, "Na hii programu inaonesha viwango?"

"Vyote, Mwalimu. Hata katikati ya hesabu."

"Lakini mashine yenyewe haioneshi."

"Haioneshi. Ukichungulia unaharibu."

Akaomba niongeze biti. Kila niliyoongeza kazi ilizidi mara mbili, na tulipopita ishirini na kitu feni ya kompyuta ikaanza kunguruma, kioo kikaganda. Akarudisha kiti nyuma.

"Mashine yenyewe ipo wapi?"

"Wenye nazo wana ndogo tu, za biti chache, maabara za mbali huko. Mie sijaiona."

"Basi safu ya tatu unaijaza nini?"

"Hakuna cha kuijaza, Mwalimu. Nnalinganisha programu na programu."

Binti yake alileta chai, akaweka, akaondoka. "Zile za saketi," alisema, "zilijua kidogo kuliko saketi yenyewe. Hazijui joto, hazijui chumvi ya hewa yetu, hazijui kukatika. Hii inajua zaidi kuliko mashine yenyewe, inakuonesha ndani ambamo hutaruhusiwa kuingia. Sijui ipi ya kuogopwa zaidi. Lakini zile za mwanzo ukizitilia shaka, meza ipo, unakwenda unaiuliza. Na ukiona uvivu kuiuliza, hilo ni lako."

Nikamtazama. Alikuwa hanitazami, anatazama chai.

"Kile kitanda," alisema. "Ulichomoa mara ngapi?"

Miaka kumi na moja nilikuwa nimelitayarishia jibu swali lile, majibu ya kila namna, na yote yakayeyuka. "Nne," nilisema.

"Nlidhani kumi." Akanywa chai. "Mara mia, kila moja dakika yake, hiyo ni saa na dakika arubaini. Uliingia saa kumi na nusu, nlikuona. Ukatoka saa kumi na moja kasorobo."

"Ulijua siku ile ile?"

"Nlijua kalamu yako kabla wino haujakauka."

"Na ukatia saini."

"Nkatia saini." Sauti yake ilitetemeka, na sikuwa nimewahi kuisikia ikitetemeka. "Mwezi wa Ramadhani, mtu kafunga, ni msichana nliyemfundisha mwenyewe, nimwambie wewe mwongo? Nliona haya. Nkasema kitanda kiende, Bi Mkunga asije akakikosa, Jumamosi ntakwenda nikijaribu mwenyewe polepole, hakuna atakayejua. Mtoto akaja Ijumaa."

Nikaifunga kompyuta.

"Umeme nimeuogopa umri wangu wote," aliendelea, "na siku ile moja nikakuogopa wewe zaidi. Ndiyo siku nliyokosea."

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa sitaki lijibiwe. Nilimuuliza kama aliwahi kukijaribu baadaye.

Akainuka, akaingia ndani, akakawia. Alirudi na daftari lile lile la safu tatu, jalada limeliwa na mende, akalifungua mahali ambapo hakuhitaji kupatafuta. Mwandiko wangu ulikuwapo: mara mia, salama. Kaufuta kwa mstari mmoja. Chini yake, kwa mwandiko wake mdogo, kaandika tarehe ya siku aliyotoka Nasra kliniki, na maneno machache: mara ya thelathini na saba, imenasa, joto limepita arubaini na nne, nimechomoa mwenyewe. Chini yake tena kaandika kwamba ameibadilisha rilei, akaweka na fyuzi ya joto, ile inayokata umeme joto likizidi, akajaribu mara mia, kisha mia nyingine.

Thelathini na saba. Nikaanza kuhesabu zile siku kumi na tisa, mara ngapi kwa siku, nikaacha kabla sijafika. Mambo yalikuwa yamepita miaka mingi, mtoto yuko darasa la tano, na mimi nilikuwa nimekaa pale Fumba mchana kweupe naogopa jambo ambalo halikutokea.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kazi."

"Na sasa?"

"Sasa unakwenda kufundisha kitu kisichokuwa na meza. Hutakuwa na cha kukutia adabu ila nafsi yako." Alilifunga daftari, akaliweka mapajani mwangu. "Dada yako anajua?"

"Hajui."

"Kamwambie. Langu na lako, yote mawili. Usinifiche."

Nikamwomba anipe siku chache. Akatikisa kichwa, si kwa ukali. Basi nikatoka nje kwenye kizingiti, nikatoa simu, nikampigia Rahma. Iliita sana. Aliyepokea ni Nasra.

"Mama yuko jikoni, anakaanga samaki. Nikamwite?"

"Usimwite. Mwambie nnakuja, anisubiri, asitoke."

"Kuna nini, mama mdogo?"

Alikuwa ametoka kukimbia kuiwahi simu, anahema kwa nguvu sikioni mwangu, na mimi nikasimama pale nikizisikiliza pumzi zake, moja baada ya moja.